Nafasi Aliyonichagulia Ami

Kila anayejua kwamba nasomea udaktari huniuliza kisa. Watu wanataka kusikia kwamba mama alitaka kufa kwenye boti akinizaa, au kwamba nilimwona mtoto akikata roho kwa homa nikala kiapo. Sina kisa cha namna hiyo. Nilipenda biolojia. Nilipenda kujua chakula kinapita wapi na damu inarudi vipi ilikotoka. Mvulana wa Nairobi akisema hivyo huambiwa ana akili. Msichana wa Pate akisema hivyo hutazamwa kama anaficha jambo. Kisa nilicho nacho ni hiki hapa, nacho si cha kumliza mtu. Ni cha kukasirisha, na mimi mwenyewe hasira haijanitoka.

Baba yangu ni mkulima wa tumbaku na simsim pale kisiwani Pate. Mama hushona kofia. Baba ana ndugu mmoja, mdogo wake, ambaye ndiye ami yangu, na huyo alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kwenda chuo kikuu. Alirudi akapata kazi katika ofisi moja huko Amu, mji wa Lamu, akaoa Amu, akajenga Amu. Mtu wa Pate akiwa na jambo la karatasi, humpelekea yeye. Cheti cha kuzaliwa kimekosewa jina, apelekewe. Kitambulisho kimechelewa, apelekewe. Na kwa haki ya Mungu, mengi ya hayo aliyatimiza, wala hakumdai mtu shukrani. Ndiyo maana haikumjia mtu yeyote kwamba kuna jambo asilofaa kupelekewa.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa shambani na baba, tukitoa majani ya chini ya tumbaku. Mwalimu wangu wa biolojia alinipigia simu, akanisomea somo baada ya somo. Nilikuwa na A ya kutoa kwa jumla, na biolojia na kemia A safi. Nilimwambia baba. Akacheka, akajifuta mikono kwenye kikoi, na neno la kwanza lililomtoka baada ya alhamdulillahi likawa, "Tumpigie ami yako."

Sikuona ubaya. Kabla hatujamaliza shule, yule mwalimu alikuwa ametufundisha jinsi mambo yanavyokwenda, kwa sababu alijua majumbani kwetu hakuna wa kutuambia. Alisema matokeo yakishatoka, serikali hufungua tovuti kwa muda mfupi, na kila mtahiniwa huingia kwa nambari yake ya mtihani na kuchagua kozi. Chaguo la kwanza lina matawi matatu. Anayetaka udaktari kwa dhati huweka udaktari matawi yote matatu, katika vyuo vitatu tofauti, kisha chini yake huweka kozi nyingine za kujihami. Mashine huanza juu. Ikikupa nafasi juu, haishuki tena. "Kwa hivyo," alituambia, "msiweke juu kitu msichokitaka mkidhani mtarudi kukibadilisha. Mkikipata, mmekipata."

Maneno hayo nilimrudilia ami neno kwa neno, nikamtajia na vyuo vitatu nilivyovitaka, sebuleni kwake Amu, baba akiwa ameketi kando yangu na kofia yake magotini kama mtu aliyeitwa mahakamani. Baba akiwa mbele ya mdogo wake huwa hivyo. Ami alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa kukubali.

"Nimefahamu," alisema. "Udaktari mara tatu. Niachie mimi."

Aliomba nambari yangu ya mtihani na ya cheti cha kuzaliwa. Kwenye nafasi ya simu akasema atatia simu yake, kwa kuwa Pate mtandao huja na kwenda, na tovuti ikituma ujumbe usipotee. Lilikuwa jambo la busara. Tukamshukuru. Mkewe akatupa mkate wa mofa wa kula njiani, wa ndiani kama tusemavyo kwetu, tukarudi.

Nilikaa nyumbani nikingoja. Nilimsaidia mama kutia nakshi kofia, nikasoma Kurani na watoto wa jirani, nikapanda juu ya paa mara kadhaa kwa siku kutafuta mtandao. Siku moja kabla tovuti haijafungwa, msichana niliyesoma naye akanipigia. Aliniuliza kama nimeyaona machaguo yangu yalivyokaa, maana yeye alikuta tawi moja limejiandika vibaya akalirekebisha. Nikamwomba aniingilie kwa simu yake, kwa kuwa kwake mtandao ulikuwa na nguvu. Akajaribu kwa neno la siri la mwanzo, yaani nambari ya cheti changu cha kuzaliwa. Halikukubali. Lilikuwa limebadilishwa, na tovuti ikasema inatuma tarakimu za kufungulia kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwenye akaunti, kwa hesabu ya tovuti, alikuwa ami.

Nikampigia. Mama alikuwa karibu, akaniashiria niweke sauti ya nje.

"Ami, nataka kuona machaguo yangu tu."

"Kila kitu kiko sawa, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

"Najua, ami. Nisomee basi."

"Ukianza kuingiaingia utaharibu. Mambo haya yana utaratibu wake. Tulia."

Akakata. Nilibaki na simu mkononi. Nilikuwa na maneno, lakini si maneno ambayo msichana humwambia ami yake. Mama akakata uzi kwa meno, akaikunja ile kofia.

"Wewe huna la kumwambia ami yako," alisema. "Mimi n'nalo. Kesho twenda Amu."

Baba alisema tusiende. Alisema tutamvunjia ndugu yake heshima kwa jambo ambalo hatulijui. Mama hakubishana naye. Asubuhi alivaa buibui lake, akaniita mlangoni, tukatoka.

Boti za kwetu huondoka kwa kufuata maji, na maji hayafuati tovuti ya mtu. Siku ile maji yalijaa kwa kuchelewa, na boti ikakaa gatini Mtangawanda ikipakia mbuzi na magunia huku mimi nikitazama saa ya simu hadi mama akanipokonya. Tovuti ilikuwa inafungwa jioni, mwisho wa saa za kazi. Tulifika Amu adhuhuri imeshapita. Ami hakuwepo. Mkewe alisema amevuka kwenda Mokowe, bara, kikazi, atarudi alasiri. Akatukaribisha, akaleta kahawa na visheti.

Mama hakugusa. Katika nyumba ya shemeji yake, alimolala mara zisizo na idadi, alikaa wima kwenye ukingo wa kiti na kahawa ikapoa mbele yake. Mke wa ami akamwuliza kama imekosa tangawizi.

"Kahawa yako haina lawama," mama akasema. "Namngoja mwenye nyumba."

Ami aliporudi alitukuta hivyo. Aliviona vikombe kabla ya kutuona sisi, akajua. Alitoa salamu, akavua viatu taratibu, akauliza hali ya Pate, hali ya kaka yake, hali ya tumbaku. Mama akamjibu yote kwa adabu, kisha akasema, "Shemeji, yeo sikuya kunwa kahawa. Nimekuya kwa neno moya. Muoneshe huyu mwana alichoandikiwa."

"Kesho asubuhi, inshallah. Ofisini kuna mtandao mzuri."

"Inafungwa leo, ami," nikasema.

"Huongezwa muda. Kila mwaka huongezwa."

Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyeandika ulichomwambia hana sababu ya kukungojesha hadi kesho. Mama naye alijua, kwa sababu alisema tu, "Basi tutalala hapa kwenye viti," akajifunga mtandio upya.

Ami akaleta kompyuta. Ikachukua muda kuwaka, na tovuti ikachukua muda zaidi kufunguka, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa imo humo saa ile. Nilisimama nyuma ya bega lake. Tawi la kwanza, uuguzi. La pili, uuguzi. La tatu, uuguzi. Chini yake ualimu, na chini yake ualimu tena. Neno udaktari halikuwapo popote.

Nataka nieleweke. Siudharau uuguzi. Nimesoma na wauguzi, nimefundishwa na wauguzi, na usiku wa zamu ngumu nikitaka mtu wa kunishika mkono sitamtafuta daktari. Laiti ningeuchagua mwenyewe ningekwenda nao kwa furaha. Kilichonipanda kichwani ni kwamba yule mtu alitikisa kichwa mbele yangu na mbele ya baba yangu, akasema amefahamu, na alikuwa amefahamu kweli, kisha akaenda akaandika lake.

"Pointi zako ziko pembeni," aliniambia bila kunitazama. "Ungeweka udaktari ukaukosa, ungeaibika. Na udaktari ni miaka sita. Wewe ni mtoto wa kike. Uuguzi utamaliza upesi, utapata kazi hapahapa, utaolewa, utakaa karibu na mama yako. Nimekutakia heri."

"Ulimuuliza?" mama akasema.

"Shemeji, mtoto hajui…"

"Alikwambia kwa ulimi wake. Mimi ndiye niliyemzaa na sikumchagulia. Wewe umempata wapi?"

Mke wa ami akaondoka na vile vikombe. Ami akatoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani. Nikaketi mahali pake. Nikaomba tarakimu, zikaja kwenye simu, nikaingia. Nikafuta tawi la kwanza, nikaandika msimbo wa udaktari ambao nilikuwa nimeukariri kama sura fupi ya Kurani. Nikabonyeza kuhifadhi. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukanitoa nje. Nikaomba tarakimu nyingine. Nikaingia tena, nikaandika tena, ukanitoa tena. Nilijaribu hadi safari moja ukurasa ukafunguka ukiwa hauna mahali pa kuandika. Kulikuwa na sentensi moja tu, ya kiungwana sana, kwamba muda wa maombi umekwisha.

Muda haukuongezwa. Mwaka ule, katika miaka yote, haukuongezwa. Na sisi hatukukosa kwa siku wala kwa wiki. Tulikosa kwa muda wa mtu mzima kuvua viatu polepole na kuulizia tumbaku.

Hatukulala pale. Mama alinipeleka kwa binamu yake mtaa wa juu, tukapita katikati ya vichochoro tukipisha punda. Nilitaka kulia nikashindwa. Mama ndiye aliyelia, mbele ya binamu yake, kwa sauti ya chini iliyojaa hasira, akisema, "Nimenyamaza mbele ya wanaume wa nyumba yao tangu nimeolewa, na nilipofungua kanwa nimechelewa." Baba alipoambiwa kwa simu alisema, "Huenda ni kheri." Sikuzungumza naye siku kadhaa, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Majibu yalipotoka nilikuwa nimepata uuguzi, tawi la kwanza, kama alivyosema mwalimu. Tovuti ikafunguliwa upya kwa marekebisho, lakini marekebisho yalikuwa ya waliokosa. Mimi nilikuwa nimepata. Kuna watu waliokuwa na alama za chini kuliko zangu ambao waliruhusiwa kuchagua tena, kwa sababu walijaribu jambo kubwa wakalikosa. Mimi nilifungiwa kwa kuwa nilifaulu jambo ambalo sikuliomba. Kisha zikatangazwa pointi za mtu wa mwisho aliyeingia udaktari katika kila chuo. Nikaziangalia. Katika vyuo viwili kati ya vile vitatu nilivyomtajia ami, yule wa mwisho alikuwa chini yangu.

Pembeni, alisema.

Ikabaki njia moja, nayo ni kuhamishwa. Unapokea nafasi uliyopewa, kisha tovuti hufunguliwa kwa wanaotaka kuhama kozi au chuo, unaomba, na chuo unachokitaka kikikubali na chuo ulichopewa kikikuachia, unahama. Kimoja kikikataa, umebaki. Safari hii nilinunua laini yangu mwenyewe ya simu. Neno la siri nililiweka kichwani na sikumwambia mtu, hata mama, naye hakuliuliza. Nilikwenda hospitali kujaziwa fomu ya afya, nikapanda basi Mokowe, nikaripoti chuo cha bara kama mwanafunzi wa uuguzi. Nikavaa sare, nikajifunza kutandika kitanda cha mgonjwa bila kumtoa kitandani, na nikiwa na nafasi nilisimama kwenye korido za ofisi.

Bibi mmoja wa ofisi ya usajili aliniuliza, "Kama uliutaka udaktari, kwa nini hukuuomba?"

Nilimwambia kulikuwa na kosa katika maombi. Singeweza kumwambia mgeni kwamba kosa lenyewe ni ndugu ya baba yangu. Ami alinifanya nimfichie.

Walinikubalia. Barua ilikuja wakati nilikuwa nimeshakata tamaa, na nikafika katika darasa la udaktari wenzangu wameshamaliza mkono mzima katika anatomia na wanaanza kifua. Mwaka ule wa kwanza nilisoma kwa hasira. Watu husema hasira si mafuta mema. Mimi nawaambia yaliwaka.

Ningeliacha hapo kama si mwalimu mwingine. Nilikuwa mwaka wa tatu, nimekuja Pate likizo, akaja nyumbani dada mmoja wa mtaa wa pili anayefundisha shule ya upili. Alimleta mtoto wake nimtazame koo. Tukazungumza, akaniambia kwa kicheko kwamba yeye alitaka kuwa mfamasia.

"Ami yako alinijazia," akasema. "Alihangaika sana na mimi, Mungu amlipe. Akaniambia famasia pointi hazikufika, nikapata ualimu."

Niliuliza alipata alama gani katika kila somo. Alizikumbuka zote, kama sote tunavyokumbuka. Nikamwuliza mwaka. Pointi za miaka iliyopita zipo, mtu akijua pa kuangalia, na mtandao siku ile ulikuwepo. Nikamwonesha. Hakuhitaji nimweleze, ni mwalimu wa hisabati. Alizitazama zile tarakimu kwa muda mrefu, mtoto akimvuta mtandio.

"Miaka yote hii nasimama mbele ya watoto wa watu," alisema, "nawaambia waongeze bidii, wasifanye kama mimi niliyelegea."

Kisha akasema, "Mume wangu asijue." Akamchukua mtoto, akaenda. Sijui kama nilimtendea wema. Najua kwamba singeweza kunyamaza, na kwamba wiki ile ile nilipanda boti kwenda Amu.

Nilimkuta ami barazani kwake baada ya alasiri na wageni wawili. Nikambusu mkono, maana ndiyo adabu, na aliye na adabu huambiwa hana hasira. Akanishika bega.

"Huyu ndiye daktari wetu," akawaambia wageni. "Mimi ndiye niliyemfanyia maombi."

Nikamwomba tuingie ndani. Nilibaki nimesimama.

"Wangapi, ami?"

"Wangapi nini?"

"Uliowachagulia."

Alijua nazungumzia nini. Akaketi, akasema hakumwibia mtu. Wote wana kazi, akasema, hakuna hata mmoja aliyerudi Pate mikono mitupu. Kisha akasema jambo ambalo baba yangu halijui hadi leo. Yeye mwenyewe alikwenda chuo kusomea uhandisi, kama alivyotaka. Mwaka wa kwanza akaanguka, akaondolewa kwenye kozi, akakaa mjini akilificha jambo, akaanza upya kwa kozi nyepesi. Nyumbani walidhani anaendelea. "Hujui ile aibu," akasema. "Sikutaka mtoto wa Pate aionje tena."

Nilimhurumia. Nilimhurumia kweli, na hasira haikupungua hata chembe. Aliionja aibu yake kwa jambo alilolichagua. Sisi alitunyima hata hiyo.

"Lakini wewe si umefika?" akaniuliza.

"Nimefika kwa sababu mama alikuja hapa. Wenzangu hawakuwa na mtu wa kuja. Ami, mtoto wa Pate asiletwe tena kwako kwa jambo hili. Akiletwa, mwambie aje kwangu, au ajijazie mwenyewe."

"Unanifungia mlango, mwanangu?"

"Naam."

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyemjua. Halafu akainuka, akarudi kwa wageni wake, na nilimsikia akiwaambia kwamba vijana wa siku hizi wanasoma hadi wanasahau walikotoka.

Baba alisikia kabla sijafika nyumbani. Aliniambia nimemvunjia ami yangu heshima, na kwamba elimu isiyo na heshima ni hasara. Nikamjibu, kwa sauti ya chini, kwamba heshima ndiyo iliyonipa uuguzi. Mama alikuwa anashona. Akanisogezea mkeka.

Siku hizi matokeo yakitoka baadhi ya wazazi hunipigia. Huwaambia mtoto ashike simu mwenyewe. Nimemwuliza kijana mmoja anataka nini akasema kilimo, baba yake akaguna nyuma yake, nikamwambia aandike kilimo. Lakini si wote wanaonipigia. Mwaka jana kulikuwa na msichana wa mtaani kwetu mwenye alama nzuri kuliko zangu, na babake akasema mambo mazito kama haya hayaachiwi wasichana wawili kwenye simu. Akapanda naye boti kwenda Amu kwa ami. Nilimpigia yule msichana kumwuliza alichoomba. Akaniambia ameshamwachia ami, naye amesema amefahamu.